Uwanja, Majina na Watu: Kandanda katika Mji wa Lubumbashi

Anayetaka kuijua historia ya mji wa Lubumbashi huelekezwa kwanza kwenye migodi, reli na misheni. Njia hizo tatu ni za kweli. Hata hivyo, zote hukutana mahali pa nne ambapo mara nyingi husahauliwa, yaani uwanja wa mpira. Makala haya yanafuata majina ya timu na ya viwanja vya mji huo, kwa kuwa kila jina lina mtu aliyelitoa na sababu ya kulitoa.

1. Watakatifu wawili

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka uleule reli iliyotoka kusini ilipoufikia. Mnamo 1939 zilizaliwa humo timu mbili ambazo zingewagawa wakaaji wake hata leo. Ya kwanza iliundwa na mapadre Wabenedikto waliosimamia shule ya Institut Saint-Boniface. Wao walitaka wanafunzi wawe na kazi ya mwili baada ya kazi ya kichwa, wakaiita timu Saint-Georges, kwa jina la msimamizi wa maskauti. Ya pili ni Saint-Éloi, ambayo baadaye ilijulikana zaidi kama Lupopo. Mtakatifu Eloi ni msimamizi wa wafua vyuma, na timu hiyo ilihusiana na wafanyakazi wa reli. Hata sasa wafuasi wake huitwa Cheminots, maana yake watu wa reli.

Hivyo majina ya mwanzo yalitoka kwa wakubwa wa wakati ule, yaani kanisa na kampuni. Mchezaji Mwafrika alipewa mpira, jezi na mtakatifu. Kilichokuwa chake mwenyewe ni namna ya kucheza.

2. Jina la matairi na jina la sifa

Saint-Georges ilibadilika kuwa Saint-Paul. Ilipoanza kupokea wachezaji kutoka nje ya shule, mapadre waliachia uongozi, na timu ikachukua jina la mfadhili wake, Englebert, lililokuwa jina la matairi ya magari. Mwaka 1966, mwaka ambao Elisabethville ilipewa jina la Lubumbashi, Englebert ilichukua ubingwa wa nchi bila kushindwa, ikaongezewa sifa ya Tout Puissant. Kwa Kiswahili sifa hiyo ni «Mwenyezi», neno linaloelekea kwa Mungu. Watu wa mji wameiacha sifa hiyo katika Kifaransa, nao huifupisha kwa herufi mbili, TP.

Sifa hiyo haikukawia kuthibitishwa. Mwaka 1967 Englebert ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika. Kotoko haikufika kwenye mchezo wa marudio, na kombe likaja Kongo. Mwaka 1968 iliishinda Étoile Filante ya Togo kwa jumla ya mabao 6 kwa 4, ikawa klabu ya kwanza kulitetea kombe hilo. Katika miaka ya 1970, siasa ya uhalisi ilipoyaondoa majina ya kigeni, jina la matairi liliondoka, likaja jina la Mazembe. Sifa ya Kifaransa, ingawa nayo ilikuwa ya kigeni, ilibaki mahali pake.

3. Viwanja viwili

Uwanja mkubwa wa mji, unaoweza kupokea watazamaji wapatao 35.000, umebadilishiwa jina kama timu zenyewe. Uliitwa uwanja wa Kenya, kwa jina la komine ya Lubumbashi wala si la nchi yenye jina hilo. Uliitwa uwanja wa Mobutu. Kisha ukapewa jina la Frédéric Kibassa Maliba, mwanasiasa aliyefariki mwaka 2003. Ni uwanja wa hadhara, ambamo wafuasi wa pande zote mbili wamekaa na kuzomeana. Mwaka 2010 Mazembe iliifunga Espérance ya Tunisia mabao 5 kwa 0 mjini humo. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi, jambo ambalo hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imelifanya.

Mwaka 2011 ulifunguliwa uwanja wa pili, katika komine ya Kamalondo. Una nafasi 18.500 na nyasi za bandia, na ni mali ya klabu ya Mazembe. Humo klabu ilikamilisha ubingwa wa Afrika wa mwaka 2015. Kwa timu, faida ni wazi: mahali pa kudumu, penye kutunzwa. Kwa mji, swali limebaki. Uwanja wa hadhara ukizeeka na uwanja wa klabu moja ukipendeza, wapi watakutana wote?

4. Lugha ya uwanjani

Mwaka 2011 pia walifika Mazembe Watanzania wawili, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Walikuta mji unaosema Kiswahili, lakini Kiswahili kilichokulia kwenye migodi, kando ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa. Mpira ni mojawapo ya mahali ambapo sura hizo mbili za lugha hukutana bila mwalimu, na mwanaisimu angepata humo mengi ya kusikiliza.

Hitimisho

Kanisa, kampuni, dola na tajiri, kila mmoja kwa zamu yake ameandika jina ukutani. Wapenzi wa mpira wameyapokea majina hayo, wakayafupisha na kuyafanya yao. Matokeo ya michezo yamehifadhiwa. Maneno, matani na nyimbo za jukwaani hazikuhifadhiwa kwa kiasi hichohicho. Waliokuwa watoto mwaka 1967 leo ni wazee. Mwanafunzi atakayekwenda Kamalondo na Kenya akiwa na daftari asiahirishe safari yake, maana mzee anapoondoka huondoka na uwanja mzima.