Hatua Mia Tatu Hazitoshi

Mgonjwa wa kiharusi anaporudi kutoka hospitali upande mmoja ukiwa umelegea, nyumba nzima huingiwa na huruma. Hulazwa pazuri, hukandwa kwa maji ya moto na mafuta, na akijaribu kuinuka huambiwa apumzike asije akachoka. Huruma hiyo inashughulikia mahali pasipoumia. Misuli ya mguu ipo na mifupa ni mizima. Kilichopata hasara ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamrisha, baada ya mshipa wa damu kuziba au kupasuka. Kukandwa kunaliwaza, na sisemi kuachwe, ila hakuna aliyewahi kujifunza kuogelea kwa kupakwa mafuta. Seli za ubongo zilizokufa hazirudi. Zilizobaki ndizo zinazoweza kujifunza kazi ya wenzake, na hujifunza kwa kuirudia kazi hiyohiyo.

Kuirudia mara ngapi? Mwaka 2009 watafiti wa Marekani na Canada walichapisha hesabu ya kile kinachofanyika hasa katika vipindi vya fiziotherapia: wagonjwa waliofanyishwa mazoezi ya kutembea walipiga wastani wa hatua 357 kwa kipindi. Mtu mzima mwenye afya hupiga maelfu kwa siku bila kujua. Kama huko kwenye wataalamu wengi kipindi kinatoa hatua mia tatu na ushei, anayehudhuria kliniki mara moja kwa wiki hawezi kutegemea kliniki pekee. Sehemu kubwa ya mazoezi lazima ifanyike uani, kwenye ukumbi wa nyumba, njiani kwenda kwa jirani.

Hapo wengi hulalamika kwamba hatuna mitambo. Jibu zuri lilitoka Marekani mwaka 2011, katika utafiti wa wagonjwa 408. Baadhi walitembezwa juu ya mashine ya mkanda unaozunguka huku wamefungwa mikanda ya kupunguza uzito wa mwili. Wengine walifuatwa majumbani na mtaalamu wa fiziotherapia, wakafanyishwa mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba, na kuhimizwa watembee kila siku. Baada ya mwaka mmoja asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na mashine haikuwashinda wa nyumbani. Kuna kundi lililoanzishiwa mashine miezi sita baada ya kiharusi, nalo mwisho wa mwaka lilikuwa limefika walikofika wenzao. Kwa hiyo ile kauli kwamba baada ya miezi sita mlango umefungwa haina msingi, ingawa ni kweli kwamba nafuu ya haraka zaidi huja katika wiki za mwanzo.

Pingamizi nzito kuliko zote imetoka India. Huko, katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 walihusishwa katika jaribio la kuwafundisha ndugu kuendesha mazoezi nyumbani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalivunja moyo: baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kila kundi, lile ambalo ndugu walifundishwa na lile la huduma ya kawaida. Je, basi ndugu hawana faida? Nisomavyo mimi, jaribio hilo linakataza kumtwika ndugu kazi ya mtaalamu kisha kumwacha. Halikupima hasa mwendo wa mguu, na halikusema mgonjwa alale. Wala haraka ya kupindukia haifai: utafiti wa mwaka 2015 wenye wagonjwa 2,104 ulionyesha kwamba walioinuliwa mapema sana, ndani ya saa 24, tena mara nyingi, walipata matokeo mabaya kidogo kuliko waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida.

Hofu ya kuanguka ni ya haki. Katika utafiti ule wa watu 408, zaidi ya nusu walianguka angalau mara moja. Lakini mwenye kulala tu hudhoofika, na mguu uliodhoofika huanguka upesi zaidi siku utakapotakiwa. Busara ni kuipunguza hatari. Msaidizi asimame upande uliolegea, nyuma kidogo, wala asiuvute mkono huo, maana bega lake hutoka kirahisi. Fimbo ishikwe na mkono mzima. Ndala ziwekwe kando, kwa kuwa unyayo usionyanyuka hujikwaa nazo. Viatu vya kufunga ni bora, na unyayo ukizidi kuburuza, kifaa cha kushikilia kifundo husaidia. Mafundi wa vifaa hivyo wanafunzwa Moshi, katika chuo cha TATCOT. Kuketi kitini na kuinuka, mara kumi, kisha kumi tena, ni zoezi la mguu lisilogharimu shilingi.

Maendeleo nayo yapimwe, yasikisiwe. Pima mita kumi uani, hesabu sekunde anazotumia kuzimaliza kwa mwendo wake wa kawaida. Anayezidi sekunde 25 mara nyingi bado ni mtu wa kuzunguka ndani ya nyumba. Anayemaliza chini ya sekunde 13 hivi anakaribia mwendo wa kwenda sokoni peke yake. Tarehe na sekunde ziandikwe kwenye daftari, naye mtaalamu aonyeshwe siku ya kliniki.