MAELEZO KUHUSU VIZA ZA WANAFUNZI ZITOLEWAZO KWA NJIA YA ELEKTRONIKI

Wananchi na watumishi wa umma wanaarifiwa kuwa nchi kadhaa zinazopokea wanafunzi kutoka Tanzania zimeacha kutoa viza za karatasi. Australia iliacha kubandika viza katika pasipoti mwaka 2015. India ilianzisha viza ya elektroniki ya wanafunzi mwaka 2025. Uingereza iliacha kutoa kadi za ukaazi tarehe 31 Oktoba 2024, na kuanzia tarehe 15 Julai 2025 mwanafunzi anayekwenda huko kwa masomo ya zaidi ya miezi sita habandikiwi tena viza katika pasipoti yake. Maelezo haya yanaeleza maana ya mabadiliko hayo na matayarisho yanayompasa mwanafunzi, mzazi na mtumishi anayewahudumia.

Viza ya elektroniki ni nini

Viza ya elektroniki ni kumbukumbu iliyowekwa katika mitambo ya nchi inayotoa ruhusa, ikiunganishwa na namba ya pasipoti ya mwombaji. Kwa Uingereza, mwanafunzi hufungua akaunti katika idara ya uhamiaji ya nchi hiyo. Huingia humo kwa namba ya pasipoti na tarehe ya kuzaliwa, kisha hutumiwa namba ya siri kwa simu au barua pepe. Shirika la ndege huhakikisha ruhusa yake kwa kutumia pasipoti hiyo. Chuo, mwenye nyumba au mwajiri akitaka kuthibitisha, mwanafunzi hutoa katika akaunti msimbo maalumu unaotumika kwa siku 90.

Isidhaniwe kuwa mambo yote humalizika nyumbani. Mwombaji bado hutakiwa kufika katika kituo cha kupokea maombi, kama kile cha Dar es Salaam, ili apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Aidha hutakiwa kuwa na namba ya uthibitisho iliyotolewa na chuo kilichomkubali, cheti cha kupimwa kifua kikuu, na ushahidi wa fedha za kujikimu zilizokaa benki kwa siku 28 mfululizo. Hulipa pia ada ya huduma za afya, ambayo kwa wanafunzi ni paundi 776 kwa mwaka tangu Februari 2024.

Msingi wa viza ni nyaraka za nyumbani

Uhamiaji na pasipoti ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo kijana wa Makunduchi au Wete na kijana wa Jorodom, chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, hupita njia moja. Wote huomba pasipoti ya elektroniki, iliyoanza kutolewa tarehe 31 Januari 2018, na wote hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Hali ya Jorodom inatoa funzo kwa kila mahali, Visiwani na Bara.

Tarehe 3 Disemba 2023 maporomoko ya tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuukumba mji mdogo wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani, Jorodom ikiwamo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na nyumba nyingi zilifukiwa. Nyumba inapofukiwa, hufukiwa pia sanduku la vyeti. Viza ya elektroniki haiwezi kuchukuliwa na tope wala kuungua kwa moto, lakini cheti cha kuzaliwa na cheti cha mtihani, ambavyo ndivyo msingi wake, bado ni karatasi. Aliyevipoteza hana budi kutoa taarifa Polisi na kuomba vipya kwa mamlaka husika: Baraza la Mitihani la Tanzania kwa vyeti vya mitihani, RITA kwa vizazi vilivyosajiliwa Bara, na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa vile vya Zanzibar. Shughuli hiyo ianzwe kabla ya kuomba chuo, kwani tarehe ya kufunguliwa masomo haimsubiri anayetafuta cheti.

Majina yafanane

Afisa akiwa na karatasi mkononi aliweza kuuliza na kuelezwa. Mtambo hulinganisha herufi kwa herufi. Katika Wilaya za Mbulu na Hanang majina ya Kiiraqw yana sauti ambazo huandikwa kwa hh, q, sl na tl. Karani mmoja huandika hh, mwingine huandika h moja, na mtoto huyo huyo akawa na majina mawili katika vyeti viwili. Visiwani nako jina moja huandikwa Mohamed, Mohammed au Muhammad, na pengine jina la babu huachwa. Tofauti ambayo skuli ilionekana ndogo yaweza kuchelewesha pasipoti, na viza ikachelewa pamoja nayo. Inafaa tofauti hizo zirekebishwe kwa njia ya sheria mwanafunzi angali madarasa ya chini.

Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe

Vijana wengi hujaziwa fomu katika maduka ya huduma za kompyuta au na mawakala wa vyuo. Hilo si kosa. Hatari ipo pale anayejaza anapoweka barua pepe yake na namba yake ya simu, kwa kuwa namba za siri zitamfikia yeye. Zamani aliyekuwa na pasipoti yenye kibandiko alikuwa na viza yake mkononi. Sasa viza ipo mikononi mwa yule anayeweza kufungua akaunti. Kijana aliyekwishafika ng'ambo, akiwa hana njia ya kuifungua, hushindwa kuthibitisha haki yake ya kukaa na kusoma, ingawa haki hiyo anayo. Vivyo hivyo laini ya simu ya Tanzania iliyotumika kujiandikisha isiachwe ikafungwa kabla namba mpya haijaingizwa katika akaunti. Na pasipoti ikibadilishwa, namba yake mpya iingizwe humo kabla ya safari.

Wajibu wa watumishi

Masheha kwa upande wa Zanzibar na watendaji wa vijiji na mitaa kwa upande wa Bara wanaombwa kuandika majina katika barua za utambulisho kama yalivyo katika cheti cha kuzaliwa, si kama yanavyotamkwa na mleta ombi. Walimu Wakuu wanaombwa kukagua majina pamoja na wazazi, cheti kikiwa mezani, kabla ya orodha ya watahiniwa kupelekwa. Makosa yakigunduliwa wakati huo hurekebishwa kwa kalamu. Yakigunduliwa baada ya cheti kutoka, huhitaji miezi na gharama.

Wanafunzi na wazazi wanakumbushwa mambo manne: kuhifadhi nakala za vyeti mahali pawili tofauti, kutumia barua pepe na simu ya mwanafunzi mwenyewe, kutompa mtu yeyote neno la siri, na kusoma masharti katika tovuti rasmi ya serikali ya nchi inayohusika kila mara kabla ya kulipa fedha, kwa kuwa masharti hayo hubadilika.