Maswali Kumi Kuhusu Pombe

Mnywaji anayekwenda kazini kila siku, anayelipa karo ya watoto na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipepesuka ndiye ambaye zahanati humkosa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hana dalili ya kumtia mtu shaka, ilhali shinikizo lake la damu linapanda, ini limeanza kudhurika, na jeraha alilopata kwenye pikipiki limeshonwa bila ya yeyote kumuuliza kama alikuwa amekunywa. Unywaji wa namna hii huitwa unywaji hatarishi, yaani ule unaomweka mtu karibu na madhara hata kama hajawa mraibu. Ili kuutambua mapema, Shirika la Afya Duniani lilibuni katika miaka ya 1980 dodoso liitwalo AUDIT, ambalo utafiti wake ulifanyika katika nchi 6, Kenya ikiwa mojawapo.

Dodoso hilo lina maswali 10, na alama zake za juu kabisa ni 40. Maswali 3 ya mwanzo yanahusu mtu hunywa mara ngapi, kiasi gani, na ni mara ngapi hufikisha vipimo 6 au zaidi kwa mkao mmoja. Yanayobaki hutafuta dalili za utegemezi, kama vile kushindwa kuacha akishaanza au kuhitaji kuzimua asubuhi, pamoja na madhara kama kusahau mambo ya usiku uliopita na kuumia au kumuumiza mwingine.

Ugumu mkubwa uko kwenye kipimo chenyewe. Kipimo kimoja ni takriban gramu 10 za alkoholi halisi, na chupa ya bia ya mililita 500 yenye alkoholi asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo aliyekunywa chupa 3 amekwisha kufikisha vipimo 6, ingawa atajibu kwa moyo mweupe kwamba alikunywa tatu tu. Kwa mbege inayozungushwa katika kibuyu, au kwa gongo na chang'aa ambazo ukali wake haujulikani, hesabu huwa ya kukisia, na ndiyo maana muuguzi makini huuliza chombo kilikuwa kipi, kilijazwa mara ngapi na wanywaji walikuwa wangapi.

Mwenye alama 8 hadi 15 hupewa ushauri mfupi papo hapo. Wa 16 hadi 19 huongezewa unasihi na ufuatiliaji. Wa 20 na zaidi hupelekwa kwa mtaalamu, kwani mtegemezi wa pombe akiacha ghafla bila uangalizi anaweza kupata degedege na hata kufa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, waliopewa ushauri mfupi walikunywa wastani wa gramu 20 pungufu kwa wiki kuliko wasioupata. Hiyo ni chupa moja ya bia, faida ndogo kwa mtu mmoja lakini kubwa kwa jamii nzima, nayo hupatikana kwa mazungumzo ya dakika chache.

Kwa hiyo maswali haya yaulizwe kwa kila mgonjwa mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume, ili asiwepo anayejiona ameshukiwa. Na msomaji anayekunywa, asipoulizwa, amweleze tabibu mwenyewe, tena kwa idadi kamili ya chupa.