Miti ya nishati Mara: Tafuta mnunuzi kabla ya miche

MWEKEZAJI mdogo wa Iringo, mjini Musoma, mwenye ekari chache Butiama au Bunda, huvutwa na hesabu moja nyepesi. Kuni na mkaa hununuliwa kila siku, mkaratusi hukua haraka, na ukishakatwa huchipua tena bila ya mwenye shamba kununua mche mwingine. Hesabu hiyo si ya uongo, ila ni nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua nani atapata faida na nani atapoteza mtaji wake.

Nishati ya miti huuzwa kwa njia kuu tatu: kuni zenyewe, mkaa, na mafuta ya kuendeshea mitambo na magari. Tuanze na hiyo ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyopigiwa debe zaidi na ndiyo iliyokula fedha nyingi.

Mwezi Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147 katika soko la dunia. Wawekezaji wakakimbilia mbono, kichaka ambacho mbegu zake hukamuliwa mafuta. Kampuni ya Sun Biofuels ilipata hekta 8,211 Kisarawe, na BioShape ikachukua ardhi kubwa zaidi Kilwa. Lakini kabla ya mwaka 2008 kwisha pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Aidha, mbono uliosifiwa kuwa unastahimili ukame uliishi kweli katika ukame, ila haukuzaa vya kutosha. Kwa kuwa lita moja ya mafuta huhitaji takriban kilo 4 hadi 5 za mbegu, gharama za kuchuma peke yake zilimeza mapato. BioShape ilifilisika mwaka 2010, na Sun Biofuels ikasimamisha kazi mwaka 2011.

Kutoa mafuta katika mti wenyewe, badala ya mbegu, ni kazi ngumu zaidi. Sukari inayoweza kugeuzwa kuwa spiriti imefungwa ndani ya ugumu wa mti, na kuifungua huhitaji kiwanda cha gharama kubwa sana. Huko Marekani, Range Fuels ilifunga kiwanda chake mwaka 2011 na KiOR ikafilisika mwaka 2014. Zote zilitegemea miti na zilikuwa na mitaji mikubwa. Mwekezaji mdogo akiletewa hisa za mradi wa aina hii, aulize kwanza ni lita ngapi zimekwisha kuuzwa, wala si ngapi zinatarajiwa.

Biashara iliyo karibu na uwezo wetu ni ya kuuza joto. Mfano mzuri ni Njombe, ambako kampuni ya TANWAT ilipanda miwati kwa ajili ya magome yanayotumika kusindika ngozi. Mwaka 1995 ilianza kuzalisha umeme wa megawati 2.5 kwa kuchoma kuni zake. Shamba, kiwanda na mtambo vilikuwa mahali pamoja, na magome yalikuwa na soko lake. Kuni hazikubeba gharama zote za shamba peke yake.

Umuhimu wa kuwa karibu unatokana na maji. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Lori la tani 7 likipakia kuni mbichi, tani 3.5 ni maji yanayolipiwa nauli. Zikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 20, lori hilo hilo hubeba tani 5.6 za mti mkavu. Zaidi ya hayo, kilo moja ya kuni kavu hutoa joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni mbichi. Kukausha, basi, ni faida isiyohitaji mtaji mkubwa.

Kwa upande wa mkaa, hasara iko katika tanuri. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kati ya tani 1 na 2 za mkaa kwa kila tani 10 za kuni kavu. Tanuri lililoboreshwa linaweza kufikisha tani 2.5. Anayebadili tanuri anaweza kuongeza mkaa kuliko anayeongeza ekari. Wote wawili hata hivyo wanahitaji vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kabla mzigo haujaingia barabarani.

Hatari kubwa ipo kwenye muda. Mkaratusi unaopandwa msimu huu huhitaji miaka 5 hadi 7 kabla ya kukatwa, na zaidi pale mvua zinapokuwa haba. Shilingi milioni 1 ambayo ingezaa asilimia 10 kwa mwaka mahali pengine ingekuwa karibu milioni 1.77 baada ya miaka 6. Hicho ndicho kiwango ambacho miti inapaswa kukivuka, baada ya kutoa gharama za palizi, ulinzi na moto.

Katika muda huo huo mnunuzi anabadilika. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na mkakati uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia mwaka 2034. Anayepanda leo akitegemea jiko la shule anaweza kuvuna wakati jiko hilo limekwisha kuhama.

Kuna ushindani pia kutoka shambani. Mkulima wa pamba wa Bunda hung'oa miti ya pamba kila msimu na kuichoma ili kuua wadudu. Hiyo ni kuni ambayo hakuna aliyelipia mche wake.

Je, mwekezaji wa Iringo aache? La. Achague mti wenye wanunuzi wawili, kwa mfano ule unaouzwa kama mirunda ya ujenzi huku matawi na mabaki yakienda kwa wachoma tofali na wakausha samaki. Asipande ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni, kwani Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo hilo. Na kabla ya kulipia mche wa kwanza, apate jibu la swali moja: nani atanunua, kwa ajili ya kazi gani, na yuko umbali gani kutoka shambani? Jibu lisipopatikana, ni heri fedha zibaki benki.