Je, Wajua? Sungura Aliyeumia Akikataa Kula

Je, wajua kwamba sungura aliyeng'atwa na mbwa anaweza kupona kidonda na bado akafa kwa kutokula? Utumbo wake umeumbwa kufanya kazi usiku na mchana. Nyasi zikikoma kuingia, utumbo hupunguza mwendo, hewa hujaa, tumbo huuma, na maumivu hayo humfanya azidi kukataa chakula. Sungura aliyepitisha saa 12 bila kugusa chochote ni mgonjwa wa dharura, hata kama jeraha lenyewe ni mkwaruzo. Usingoje kesho.

Je, wajua kwamba sungura hawezi kutapika? Kilichoingia hakina njia ila kwenda mbele. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake, mafuta hukimbilia kwenye ini, na ini huzidiwa. Wanene ndio huzidiwa mapema.

Je, wajua kwamba hali yake inasomeka sakafuni mwa banda? Sungura mzima hutoa punje 200 hadi 300 za kinyesi kwa siku: duara, kavu, zenye vipande vya majani ukizipasua. Fagia jioni, tazama asubuhi. Punje zikiwa ndogo, chache au hazipo kabisa, umeshapata jibu. Mkojo mwekundu usikutishe mara moja, maana majani mengine huupaka rangi hiyo na wengi hudhani ni damu.

Je, wajua kwamba kuna kinyesi kingine anachokila mwenyewe? Ni laini, kinang'aa, kimeshikana kama kishada cha zabibu, na hukichukua kwa mdomo kinapotoka tu. Kimejaa protini na vitamini B zilizotengenezwa na vijidudu vya tumboni. Sungura aliyeumia mgongo au mguu hashindwi kula majani peke yake, hukosa na mlo huu pia kwa sababu hawezi kujikunja kuufikia. Ukimkuta amechafuka nyuma, mara nyingi sababu ni hiyo.

Uchafu huo huita inzi. Katika joto la Kishapu, mkoani Shinyanga, mayai ya inzi huweza kuanguliwa ndani ya saa 24, na funza wakaanza kula nyama hai. Kagua kidonda na sehemu za nyuma asubuhi na jioni. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Spiriti iache kabatini.

Je, wajua kwamba kidonge cha binadamu kinaweza kumuua? Hili ndilo ningeomba libandikwe ukutani. Amoksilini, ampisilini na penisilini, zikipitia mdomoni, huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura, na vile vya sumu huchukua nafasi yao. Mtu hununua kapsuli duka la dawa kwa nia njema kabisa, afungue, achanganye na maji, amnyweshe, na baada ya siku chache sungura anaharisha na kufa. Zipo antibayotiki zinazomfaa, ila achague daktari wa mifugo.

Je, wajua kwamba dawa ya kwanza ya hamu ya kula ni dawa ya maumivu? Sungura huficha uchungu, kwa kuwa porini anayeonekana dhaifu ndiye huliwa. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha kipimo cha kuusoma uso wake: macho kufumbwa nusu, mashavu kubonyea, pua kuchongoka, ndevu kukakamaa, masikio kulala nyuma. Ongeza kujikunyata pembeni na kusaga meno, sauti unayoisikia ukimkaribia. Madaktari wengi hutumia meloksikamu, kwa kipimo kinachofuata uzito. Kwa hiyo mpime kabla ya kwenda, na uandike saa aliyokula mara ya mwisho. Afisa mifugo wa kata hushinda na ng'ombe na mbuzi. Ukimpelekea taarifa hizo, na punje za kinyesi kwenye mfuko, unampa pa kuanzia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe peke yao.

Je, wajua kwamba mifupa yote ya sungura ni kama asilimia 8 tu ya uzito wake, wakati ya paka hufika 13? Mapaja yana nguvu, mifupa ni myepesi, na teke moja hewani linaweza kumvunja uti wa mgongo. Usimnyanyue kwa masikio kamwe. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ukibeba makalio.

Mwenye sungura anayetafuta nyasi na aangalie ngitili. Wasukuma wametenga malisho hayo ya kiangazi tangu zamani, na mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliyafufua Shinyanga nzima. Nyasi kavu za namna hiyo ndizo husukuma utumbo wa sungura na kusaga meno yake, ambayo ya mbele hurefuka karibu milimita 2 kila wiki. Kwa ndugu zetu wa Geita: msikate majani kando ya mialo ya kuchenjulia dhahabu. Zebaki hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa. Na huku Usukumani, utomvu wa minyaa ya ua unaunguza mdomo. Majani ya parachichi nayo ni sumu kwake.

Je, wajua kwamba uji wa sembe na maziwa humzidishia hewa tumboni? Daktari akishahakikisha tumbo halijaziba, saga chakula cha sungura cha punje pamoja na majani makavu, loweka kwa maji ya uvuguvugu mpaka kipite kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Mkalishe wima, umfunge taulo. Ingiza bomba pembeni, nyuma ya meno ya mbele, pale penye mwanya. Sukuma kidogo, mililita moja au chini yake, ngoja atafune, ameze, ndipo uongeze. Kila mlo mililita 10 kwa kila kilo ya uzito, mara nne au tano kwa siku. Usimlaze chali, kitaingia mapafuni. Masikio yakiwa ya baridi na mwili umelegea, mpashe joto kwanza. Tumbo likiwa gumu na limewambwa, usimlishe. Rudi kwa daktari.

Mwenzake, kama wamezoeana, akae naye au jirani naye. Sungura wengi huanza kutafuna wakimwona mwingine anatafuna.

Punje za kwanza zitatoka ndogo, pengine zimeungana kwa manyoya. Endelea na bomba hata akianza kula mwenyewe, hadi zirudie ukubwa na wingi wa kawaida.