Gharama ya Kweli ya Moto wa Jikoni

Tangu Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati isiyojaza moshi ndani ya nyumba, mjadala kuhusu mkaa, gesi na umeme umepamba moto. Hata hivyo, mwenye kaya huanza na swali la bei, na swali hilo ni gumu kujibiwa kwa sababu mkaa huuzwa kwa kopo, debe au gunia, gesi kwa kilo, na umeme kwa uniti, vipimo ambavyo havilinganishiki vikitazamwa kwa macho tu.

Kinachopaswa kulinganishwa ni bei ya joto linaloingia ndani ya sufuria. Joto hupimwa kwa megajuli, na megajuli moja inakaribia kutosha kuchemsha lita tatu za maji ya kawaida. Pamoja na kipimo hicho huzingatiwa ufanisi wa jiko, yaani sehemu ya joto inayokifikia chakula badala ya kupotelea hewani. Kilo moja ya mkaa ina takriban megajuli 29, lakini jiko la kawaida la bati hufikisha kwenye sufuria kama moja ya tano tu, yaani takriban megajuli 6, ilhali jiko lililoboreshwa kwa kuwekewa udongo wa kufinyangwa ndani huweza kufikisha karibu 9. Kilo ya gesi ya mtungi ina takriban megajuli 46, na zaidi ya nusu yake, kama megajuli 25, huivisha chakula. Uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6, na jiko la sahani hutumia vyema takriban 2.5 kati ya hizo.

Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa kwenye jiko la bati, au ya uniti kumi za umeme. Mtungi wa kilo 6, kwa hiyo, ni sawa na kilo 25 za mkaa au uniti 60. Kwa viwango vya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) vilivyowekwa mwaka 2016, mteja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti, ambazo hufika takriban 356 zikijumlishwa na kodi na tozo. Kwa bei hiyo uniti 60 hugharimu takriban shilingi 21,400, na joto ambalo kilo moja ya mkaa hufikisha kwenye sufuria kwa jiko la bati, likitolewa kwa umeme, hugharimu takriban shilingi 850. Maana yake ni kwamba pale ambapo kilo ya mkaa inazidi shilingi 850, anayeununua kwa jiko la bati hulipa zaidi ya anayepikia umeme, hata kama fedha anayotoa kila siku inaonekana ndogo.

Sufuria ya umeme ya presha hupunguza gharama hiyo zaidi, kwa kuwa huhifadhi joto na kujizima yenyewe, kiasi kwamba maharage ya mlo wa familia huiva kwa umeme usiofika uniti moja.

Ikiwa hesabu iko hivyo, sababu ya mkaa kuendelea kutawala mijini haiwezi kuwa ujinga wa wapishi. Mkaa hununuliwa kidogo kidogo kulingana na kipato cha siku, wakati gesi hudai fedha ya mtungi, jiko na ujazo kwa mkupuo. Umeme nao una kikwazo chake, kwani kaya inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, lakini ikianza kupikia umeme huo huo, pamoja na taa na jokofu, huvuka mpaka huo kwa urahisi na kuhamishiwa bei inayokaribia mara tatu. Hivyo kaya ya kipato cha chini huadhibiwa kwa kufanya kile ambacho mkakati wa taifa unakihimiza.

Zipo pia gharama zisizolipwa dukani. Tanuri la udongo la asili hutumia kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na hasara hiyo hubebwa na misitu na vyanzo vya maji. Kuni za kuokota, zinazodhaniwa kuwa za bure, hulipiwa kwa saa za wanawake na watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Serikali inapaswa kuweka bei nafuu ya uniti za kupikia bila kumwondoa mnyonge katika kundi lake, na wauzaji wa gesi kupanua malipo ya kidogo kidogo. Kila kaya inayotumia jiko la bati nayo ipime mkaa wake kwa mwezi mmoja, igawe fedha iliyotumika kwa idadi ya kilo, kisha ilinganishe na shilingi 850 kabla ya kuamini kwamba mkaa ndio rahisi.