Gitaa linafubaa kwenye mikisa? Pikapu ya betri huenda siyo dawa

Mpiga solo wa kwaya ananunua gitaa, analipeleka kanisani, analichomeka kwenye mikisa, na sauti inatoka kama imefunikwa blanketi. Dukani lilikuwa linalia vizuri tu. Ushauri wa kwanza anaopewa na wenzake ni kubadilisha pikapu, aweke zile za betri.

Kwa Bukoba na Muleba ushauri huo unaweza kuwa sahihi. Ila mara nyingi unatolewa kabla hata mtu hajaangalia waya unachomekwa wapi, na hapo ndipo hela hupotea.

Pikapu hapa siyo gari la kubebea ndizi. Ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi, kwenye mwili wa gitaa. Ndani yake kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye waya ule. Ni kanuni ileile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayoendesha majenereta.

Pikapu ya kawaida, au pasivu, inaishia hapo. Haina betri. Umeme ule mdogo unatoka kwenye gitaa kama ulivyo.

Pikapu ya betri, au aktivu, ina sumaku na koili pia, lakini koili yake kwa kawaida ina mizunguko michache na ndani kumefungwa kiamplifaya kidogo kinacholishwa na betri ya mraba ya volti 9. Zilikuja kujulikana zaidi kupitia kampuni ya EMG ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1976. Bendi za dansi za Tanzania zilikuwa zimeshatamba kabla ya hapo. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, na magitaa ya bendi za zama zake yalikuwa ya pikapu za kawaida. Kwa hiyo anayesema pikapu bila betri haiwezi kutoa solo tamu, aanze kwa kusikiliza santuri za zamani.

Sasa, kwa nini gitaa linafubaa?

Pikapu ya kawaida inatoa umeme dhaifu wenye ukinzani mkubwa. Inataka kuchomekwa kwenye kifaa kisichoivuta sana, yaani amplifaya ya gitaa, ambayo tundu lake huwa na ukinzani wa karibu megaomu 1. Tundu la kawaida la mikisa, lile la kinanda, lina kiloomu 10 au 20 tu. Hiyo ni chini mara 50 au zaidi. Gitaa likichomekwa hapo linanyonywa. Nguvu inashuka, na sauti za juu, zile zinazofanya solo ikate, zinapotea kwanza.

Waya nao una lawama yake. Kila mita ya waya inakula kidogo sauti za juu. Mita 3 hazina shida. Ila kanisani, mpigaji yuko kwaya na mikisa iko nyuma mlangoni, waya wa mita 12 au 15 unasikika kabisa.

Pikapu ya betri haiteseki hivyo. Kile kiamplifaya cha ndani kinautoa umeme ukiwa tayari na msuli, kwa hiyo waya mrefu haufubazi sauti, na hata tundu la mikisa inalivumilia zaidi. Pia huwa na mngurumo mdogo, ule wa umeme wa hetsi 50 unaosikika mtu akiacha kupiga. Kwa kwaya isiyo na amplifaya ya gitaa, inayopitisha kila kitu kwenye mikisa, faida hiyo ni ya kweli.

Lakini faida hiyohiyo inapatikana bila kulipasua gitaa. Kuna kisanduku cha DI cha aina ya aktivu, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa. Kinapokea gitaa kwa ukinzani mkubwa na kulipeleka kwenye mikisa vizuri, tena hata kwa waya mrefu. Kwaya inanunua kimoja, na kila mpigaji anayekuja na gitaa lake anakitumia. Baadhi ya pedali, mfano ile ya kutuni ya Boss TU-3, nazo zina saketi ya namna hiyo ndani hata zikiwa zimezimwa. Wapo wanaomiliki pedali kama hizo bila kujua kwamba dawa wanayo tayari miguuni.

Kubadilisha pikapu siyo kazi ya dakika kumi. Vitasa vya sauti vya pikapu za kawaida huwa vya kiloomu 250 au 500, vya pikapu za betri huwa 25. Tundu la jeki nalo linabadilishwa, na betri inatafutiwa nafasi, mara nyingine kwa kuchonga mbao. Fundi redio mzuri wa Bukoba mjini anaweza kulehemu yote hayo. Mbao iliyochongwa hairudi.

Wanaonunua gitaa la mtumba wawe makini na jina. EMG wenyewe wanatengeneza pikapu zisizo na betri, zile za HZ, zenye kifuniko cheusi kinachofanana na za betri. Kwenye magitaa ya besi mkanganyiko ni mkubwa zaidi: besi nyingi zinazouzwa kama aktivu zina pikapu za kawaida kabisa, betri ni ya saketi ya kurekebisha besi na trebo. Music Man StingRay ya mwaka 1976 ndiyo iliyoutangaza mtindo huo.

Halafu kuna betri yenyewe. EMG hukadiria saa 3,000 kwa pikapu moja, kwa hiyo gitaa la pikapu mbili ni kama saa 1,500. Kwaya inayopiga saa 6 kwa wiki ingekaa miaka zaidi ya minne kabla ya kuimaliza.

Mbona basi zinakufa ndani ya miezi miwili? Kwa sababu betri huwashwa na jeki. Waya ukiwa umechomekwa, betri inaliwa hata kama gitaa limelala. Kuanzia Jumapili hadi Jumapili ni saa 168, na ndani ya wiki 9 hivi saa 1,500 zimekwisha bila wimbo wa ziada. Kuchomoa waya ibada ikiisha hakugharimu chochote.

Betri ikichoka, sauti huanza kukwaruza, kisha inazima. Mjini mtu anakimbia dukani. Kwenye visiwa vya Muleba kama Bumbire na Goziba, bila akiba kwenye begi shughuli imeisha. Na mvua za Bukoba zinajulikana. Betri ya bei rahisi iliyoachwa ndani ya gitaa hata mwaka huweza kuvuja na kuozesha vishikio vyake.

Jambo moja ni zito kuliko sauti. Kwenye gitaa la kawaida, nyuzi zimeungwa na waya wa ethi wa amplifaya. Umeme wa jengo ukiwa hauna ethi, au plagi ya pini mbili imelazimishwa kwa kijiti kwenye soketi ya pini tatu, nyuzi zinaweza kubeba umeme. Mpigaji anashika nyuzi, mdomo unagusa maikrofoni, na mwili wake unakuwa waya. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Uingereza, Mei 1972, kwa kugusa maikrofoni isiyo na ethi nzuri.

Pikapu nyingi za betri hazihitaji nyuzi kuungwa na ethi, na hilo linapunguza hatari. Halitoi kinga kamili. Anayesikia mtekenyo mdomoni akiimba hahitaji pikapu mpya, anahitaji fundi umeme, na shughuli isimame mpaka aje. Jenereta la kukodi lisilofungwa ethi nalo likaguliwe hivyohivyo.

Kuna ala moja ya Kagera ambayo kwayo mjadala huu unageuka kabisa. Enanga ya Wahaya kwa asili haina nyuzi za chuma, na siku hizi nailoni hutumika pia. Sumaku haisikii nailoni. Uweke pikapu ya gitaa chini yake, iwe ya betri au bila betri, spika itakaa kimya. Enanga inataka pikapu ya piezo, kidude kinachobandikwa kwenye mbao na kusikia mtikisiko wenyewe. Piezo nayo ina ukinzani mkubwa kuliko hata pikapu ya gitaa, ikiingia mikisa moja kwa moja inatoa sauti nyembamba, kama ya kopo. Hapo kiamplifaya kidogo cha betri kati ya ala na mikisa ndicho kitu cha kwanza kununua.